Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Spika: kabla ya mshale wa kwanza kuna nini?

Kwa Mheshimiwa Spika wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
na Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Uongozi ya Bunge,
Dodoma.

YAH: NAMNA MUSWADA UNAVYOPATA ZAMU YA KUJADILIWA

Mheshimiwa Spika, assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, nyote nawaamkia kwa heshima.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Makorora hapa jijini Tanga. Kwa miaka mingi nilifundisha somo la Uraia, na kila mwaka nilichora ubaoni mchoro uleule: muswada unasomwa mara ya kwanza, unakwenda kwenye kamati, unasomwa mara ya pili, Bunge linakaa kama Kamati ya Bunge Zima na kuupitia kifungu kwa kifungu, unasomwa mara ya tatu, kisha unapelekwa kwa Rais kupata kibali. Hatua sita, mishale mitano. Wanafunzi walinakili, mtihani ukaja, wakajibu, wakapata alama zao. Mpaka siku moja mvulana mmoja wa kidato cha tatu, aliyezoea kukaa upande wa dirishani, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kabla ya mshale wa kwanza kuna nini? Nani anasema leo tulete huu, ule ungoje?"

Nilimjibu kwa neno moja, "Serikali", nikafuta ubao tukaendelea na mada nyingine. Lilikuwa jibu la kukwepa na nimestaafu nalo moyoni. Kwa kuwa swali lile linawahusu ninyi zaidi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, nimeona niwaletee.

Ninayoyajua ni haya. Ibara ya 97 ya Katiba inasema Bunge hutunga sheria kwa kujadili na kupitisha miswada. Ibara ya 89 inaliruhusu Bunge lijitungie Kanuni za Kudumu. Kamati ya Uongozi, ambayo wewe Mheshimiwa Spika ndiwe mwenyekiti wake, ndiyo inayokaa na kupanga shughuli za mkutano. Miswada karibu yote huletwa na Serikali. Kanuni zinaruhusu mbunge au kamati kuleta muswada wake, ila ibara ya 99 inazuia jambo lolote la kodi au la matumizi ya fedha za umma lisishughulikiwe kama Serikali haikulileta yenyewe. Sasa ni jambo gani la maana katika nchi hii lisilogusa fedha? Ndiyo sababu muswada binafsi umekuwa kitu adimu, na mbunge wangu hata akiwa hodari namna gani, mlango wake ni mwembamba.

Najua pia kwamba muda hautoshi. Kuanzia Aprili hadi Juni ni bajeti, wizara moja baada ya nyingine. Mikutano mingine ya mwaka ni ya wiki chache, na humohumo kuna maswali ya asubuhi, taarifa za kamati na maazimio. Kuchagua hakuepukiki. Ninachoomba ni kwamba sisi tulio nje tuuone uchaguzi huo ukifanyika, na tusikie sababu yake.

Niruhusu nikupeleke Deep Sea, pale samaki wanaposhushwa. Nilikwenda asubuhi moja kununua changu wa kupaka. Mashua ya kwanza kufika ilikuwa na kolekole watatu wakubwa na vibua, wamelazwa kwenye barafu. Nyuma yake ikaingia boti ya dagaa, ndoo kama ishirini hivi, bado wanang'aa. Dalali akaanza na dagaa. Mwenye kolekole akaja juu: "Mimi nimefika kwanza!" Dalali hakumfokea. Alisema kwa sauti ya kusikika na kila aliyekuwepo: "Wako yuko kwenye barafu, huyu hana barafu. Jua likimpata dagaa huyu nusu saa tu, ndiyo basi. Akimaliza yeye ni wewe, na baada yako ni yule wa pweza." Mwenye kolekole alinung'unika kidogo, akakaa juu ya tenga lake kusubiri. Hakufurahi, lakini alijua yeye ni wa pili, na alijua kwa nini. Mnada mzima ulijua.

Waheshimiwa, mnada ule una kitu ambacho Orodha ya Shughuli za Bunge haina. Orodha yenu inatuambia kitakachofanyika leo. Haituambii kipi kimeachwa, kimeachwa tangu lini, na ni kwa sababu gani.

Nitatoa mfano mmoja, na nitakaa nao kwa sababu ndio ulionifanya nishike kalamu.

Tarehe 8 Julai 2016, Mahakama Kuu iliamua kesi ya Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kesi ilihusu vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vinavyomruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, ilhali mvulana sharti afikishe 18. Mahakama ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Mwaka mmoja kutoka tarehe ile ni Julai 2017.

Kumbukeni Bunge lilikuwa likifanya nini mwanzoni mwa Julai 2017. Nchi nzima ilikuwa ikizungumzia makinikia, ule mchanga wenye madini. Bunge la Bajeti, ambalo kwa kawaida humalizika mwisho wa Juni, liliingia Julai, na miswada ya maliasili na madini ikaletwa kwa hati ya dharura, yaani bila kungoja muda wa kawaida wa matangazo, ikajadiliwa na kupitishwa ndani ya siku chache. Mimi ni mmoja wa waliofurahi, maana madini ni yetu na mikataba ya kuyachimba ilikuwa inauma. Siwalaumu kwa kuharakisha. Nasema hivi: wiki ile mlituonyesha kwamba jambo likionekana la haraka, Bunge lina nguvu ya kulimaliza kabla wino haujakauka. Na ni wiki ileile muda uliotolewa na Mahakama juu ya mabinti zetu ulikwisha kimya.

Serikali ilikuwa imekata rufaa, na kukata rufaa ni haki yake. Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo tarehe 23 Oktoba 2019. Tangu siku hiyo hapakuwa tena na mahakama ya kungoja. Mwaka 2020 ukaisha. Ukaisha 2021, ukaisha 2022, ukaisha 2023, ukaisha 2024, na sheria ikabaki na umri uleule wa mwaka 1971. Kama kulikuwa na sababu ya kuusogeza nyuma muswada wa kuvirekebisha vifungu hivyo mwaka hadi mwaka, haikuwahi kubandikwa mahali ambapo mimi wa Makorora ningeweza kuisoma.

Katikati ya kungoja huko, mwaka 2018, binti wa nyumba ya tatu kutoka kwangu aliozwa. Alikuwa amemaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea, akawa nyumbani akimsaidia mama yake kukaanga mihogo jioni. Alipenda ramani. Nilimwazima kitabu changu cha Jiografia, akakivika kava la gazeti ili kisichafuke. Siku mbili kabla ya harusi alikuja kukirudisha, amekifunga ndani ya upande wa kanga. "Shikamoo mwalimu. Nimefika sura ya nne." Alikuwa ameweka kijiti cha ufagio mahali alipoishia. Alikuwa na miaka 15.

Nilikwenda kwenye ofisi moja inayohusika kuuliza kama kuna linalowezekana. Afisa alikuwa mtu mwema. Alitoa sheria kabatini, akaigeuza upande wangu, akaweka kidole kwenye kifungu. "Angekuwa mwanafunzi ningekuwa na pa kuanzia. Huyu si mwanafunzi, baba ameridhia, umri umefika. Kesi iko rufani, mwalimu. Tusubiri." Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Maneno yake, "angekuwa mwanafunzi", yanahitaji maelezo. Mwaka 2016, mwaka uleule wa hukumu ya Mahakama Kuu, Bunge lilirekebisha Sheria ya Elimu na kuweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa ujauzito mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Sheria nzuri, na ilipita bila kukawia. Lakini tazama ilichokiacha. Binti aliye darasani analindwa kwa kifungo cha miaka 30 jela, na binti wa rika lake aliyeanguka mtihani wa darasa la saba hana kitu, ingawa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawataja wote wawili kuwa ni watoto mpaka watimize miaka 18. Mkono mmoja wa Bunge ulifunga mlango, mwingine ukaacha dirisha wazi. Foleni ingekuwa imebandikwa ukutani, miswada hii miwili ikasomeka mmoja chini ya mwingine, nadhani hata mbunge wa mara ya kwanza angeuliza.

Najua jambo hili ni zito, na hapa Tanga ni zito zaidi. Wapo masheikh ninaowaheshimu, na wazee wa kanisa pia, wenye hoja zao juu ya umri wa kuoa na kuolewa. Wana haki ya kusikilizwa hadi neno la mwisho. Mahali pa kusikilizwa ni mbele ya kamati, hoja iko mezani, kila mtu ametaja jina lake na kusema analoliamini. Jambo kuwa zito ni sababu ya kulijadili kwa uangalifu, na mjadala wa uangalifu unahitaji siku ya kuanza.

Mnao mfano wenu wenyewe wa uangalifu wa aina hiyo. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022, ukarudishwa nyuma kwa sababu hoja zilikuwa nyingi, hasa fedha zitoke wapi, ukaja kupitishwa Novemba 2023. Wako waliolalamika kwamba umechelewa. Mimi sikulalamika, maana tulijua uko wapi na unabishaniwa nini. Hata kwenye baraza la kahawa watu walikuwa wanajua kiini cha ubishi. Kuchelewa kwa namna hiyo kunavumilika.

Kinyume chake ni Juni 2019. Muswada mmoja wa marekebisho ya sheria mbalimbali uliobeba kwa pamoja sheria za makampuni, za asasi zisizo za kiserikali, za takwimu na za filamu, pamoja na nyinginezo, uliletwa kwa hati ya dharura na kupitishwa mwezi huohuo. Sheria zinazogusa watu wa aina tofauti kabisa, zimefungwa kwenye furushi moja. Mtu wa Tanga akisikia jioni kwamba kamati inapokea maoni Dodoma, itambidi apande basi la alfajiri, apite Segera, Chalinze, Morogoro, na atakapofika jua linazama. Hapo bado hajausoma muswada wenyewe. Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu. Haki hiyo haiwezi kutegemea ratiba ya mabasi.

Hati ya dharura ni chombo halali, hilo nalikubali. Mafuriko hayangoji tangazo la Gazeti la Serikali. Lakini dharura ina sababu, na sababu inaandikika. Hati ya dharura inapoletwa, naomba isomwe ukumbini pamoja na maelezo ya kitu gani kitaharibika nchi ikingoja mkutano unaofuata, na maelezo hayo yachapishwe siku hiyohiyo. Dalali wa Deep Sea alifanya hivyo kwa sentensi mbili.

Nimesoma wenzetu wanavyofanya. Jimbo la Nebraska huko Marekani lina Bunge lenye chumba kimoja tangu mwaka 1937, wajumbe 49 tu, nao wanawaita maseneta. Mwaka mmoja wanakaa siku 90, mwaka unaofuata siku 60, na miswada inayowasilishwa ni mamia. Hawawezi kuijadili yote, kama ninyi msivyoweza. Wamejiwekea utaratibu huu: kila seneta anataja muswada mmoja anaoupa kipaumbele, uwe wake au wa mwenzake, kila kamati inataja miwili, na Spika anaweza kutaja hadi 25. Hiyo ndiyo inayotangulia, na orodha inatangazwa kila mtu aione. Juu ya hayo, kila muswada unaowasilishwa unapata kikao cha wananchi kutoa maoni, hata ule ambao dhahiri hautafika mbali. Spika wao bado ana nguvu kubwa ya kupanga siku. Lakini seneta wa kijijini kabisa ana muswada mmoja ambao hakuna anayeweza kuuzika bila yeye kujua.

Sisemi tuige kama ulivyo. Bunge letu lina wabunge zaidi ya 390. Kila mmoja akitaja wake, miaka mitano haitatosha. Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu nyingine. Jamhuri ya Muungano ina mikoa 31, 26 Bara na mitano Zanzibar. Wabunge wa kila mkoa wakikaa pamoja, bila kujali vyama, wakakubaliana juu ya muswada mmoja kwa kipindi kizima cha Bunge, hiyo ni miswada 31 katika miaka mitano, sawa na sita hivi kwa mwaka. Sita tu. Wabunge wa Tanga wangelazimika kuja kutuuliza: mnataka wetu uwe upi? Mkonge? Uvuvi? Ardhi ya wanaoishi kando ya bomba la mafuta linalokuja Chongoleani? Ningetoa chochote kusikia mabishano hayo Ngamiani na Chumbageni. Na pale muswada wa mkoa utakapogusa fedha na kukwama kwenye ibara ya 99, Serikali itoe jibu la maandishi: tunauchukua, au hatuuchukui kwa sababu hii. Wenye muswada watajua pa kukaa, kama yule mwenye kolekole.

La msingi zaidi ni rahisi kuliko hilo, wala halihitaji kugusa Katiba, kwa kuwa kanuni ni zenu wenyewe. Ni daftari la miswada inayongoja. Iandikwe kila sheria ambayo mahakama imeagiza irekebishwe, na tarehe ya amri; kila muswada ambao waziri aliahidi ukumbini, na tarehe ya ahadi; kila muswada uliosomwa mara ya kwanza ukasimama. Mbele ya kila mmoja kuwe na mstari mmoja wa sababu kwa Kiswahili cha kawaida. Daftari hilo libandikwe kwenye tovuti ya Bunge na lipelekwe kwa kila mkurugenzi wa halmashauri. Na kila mkutano unapoanza, Kamati ya Uongozi isimame na kusema: kutoka kwenye daftari tumechukua hii, tumeiacha hii, na sababu ni hizi. Dakika kumi zinatosha. Mwaka 2021 Bunge lilifanya jambo kubwa la kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zetu. Daftari hili lingekuwa mwendelezo wake, maana muswada ukiwa katika lugha yangu na nisijue uko wapi, bado haujanifikia.

Kuhusu maoni ya wananchi, mahakama zetu sasa zinasikiliza mashahidi kwa video kutoka mikoa mingine. Kamati za Bunge nazo zingeweza kutusikiliza kutoka ukumbi wowote wa mkoa. Sheikh wangu angekwenda, mama wa yule binti angekwenda, mimi ningekwenda kwa bajaji.

Mheshimiwa Spika, yule binti leo ana watoto wawili. Namwona mara kwa mara akipita na mkubwa mkononi, ananiamkia kwa adabu ileile. Kitabu changu bado ninacho, na kijiti cha ufagio kimo palepale kwenye sura ya nne, sijakitoa. Yule mvulana wa dirishani naye yupo, ni fundi pikipiki karibu na barabara ya Pangani, na kila tukikutana ananiita mwalimu kama vile jibu bado ninalo.

Naomba jibu la barua hii kwa maandishi, japo la ukurasa mmoja. Likifika nitalitoa nakala mbili. Moja nitaibandika kwenye ubao wa matangazo wa ofisi yetu ya mtaa, na ya pili nitampelekea fundi wangu.

Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Makorora, Tanga.